Hati Ina Jina Moja

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha nyuma.
Jumapili, mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu nyingi. Hujambo huko uliko? Na dereva wako je, mgongo wake umepata nafuu? Sisi huku ni wazima. Mama miguu inamsumbua kidogo, ila ulimi wake hauna hata mafua. Juzi kamgombeza daktari kwa kuchelewa. Mimi nakula, nalala, kazini naenda.

Mama ameniambia kwamba wewe na dereva mmepata nyumba na mnataka kuinunua pamoja, ndoa itafuata baadaye. Nimefurahi, kweli kabisa. Halafu nikaingia chumbani nikalia. Kwenye simu nilikuwa nakuambia tu kwamba nimehama. Leo nakueleza nilivyohama.

Ile nyumba unaikumbuka. Tuliinunua haina hata dari, mimi na Fundi, kwa mshahara wangu wa kuoka mikate na kazi zake za kuweka vigae. Siku ya kutia saini nilikuwa zamu ya asubuhi, akaenda peke yake. Hati ikaandikwa jina lake. Aliporudi alinionyesha huku akicheka, akasema jina langu tutaliongeza tukipata nafasi. Nami nikacheka. Haraka ya nini? Tulikuwa tunabishana rangi ya jikoni.

Hakuwa na hila, mdogo wangu, nakuomba usimfikirie hivyo. Ni vile tu kila jambo kwake lilikuwa la kesho.

Alianguka kazini, amepiga magoti kwenye sakafu ya watu, kigae mkononi. Moyo. Walimfikisha hospitali ameshakata roho.

Msiba ulipoisha walikuja mama yake na kaka yake, yule tuliyemwita Redio kwa maneno mengi. Miaka yote aliniita shemeji. Siku hiyo akaniita dada.

"Dada," akasema, "hatukufukuzi. Lakini nyumba ni ya marehemu, na marehemu hakuoa."

Mama yake alikuwa anatazama vile vigae vya sebuleni alivyoviweka mwanawe. Hakuinua uso.

Nilikwenda kwa wakili, mama mmoja mpole, akanieleza polepole kama anayemlisha mgonjwa. Kisheria sikuwa mke. Jina langu halimo kwenye hati. Wosia hakuacha. Njia niliyobaki nayo ni kwenda mahakamani kuthibitisha kwamba nilichangia, na kesi za namna hiyo huvuta miaka. Nikafungua. Nikasimama mbele ya hakimu, mtu mzima mimi, naulizwa mabati alinunua nani na nani aliniona nikiyanunua. Kisha Redio akasimama akasema nilikuwa mpangaji. Mama yake amekaa nyuma yake.

Baada ya hapo sikurudi tena. Wakili alinisihi, alisema haki ninayo. Sikuwa na nguvu. Labda wewe ungekuwa nazo.

Funguo alikuja kuzipokea mama yake Fundi, peke yake. Nikamzungusha nyumba nzima. Mlango wa jikoni unauinua kidogo ndipo unausukuma. Bomba la bafuni usilikaze sana, litakatika. Alinisikiliza kwa makini. Tulipofika chumbani akanishika mkono.

"Mwanangu, alikuwa analala upande gani?"

Nikamwonyesha. Akakaa pale, upande ule, akaweka kiganja kwenye godoro. Nikamwacha, nikatoka na begi langu.

Sasa nisikilize, siwaombei mabaya. Siku ya kutia saini nendeni wote wawili, hata bosi akinuna. Hati iwe na majina mawili. Muulizeni wakili mapema: mmoja akifa, sehemu yake inakwenda kwa mwenzake au kwa ndugu zake? Msimwachie muuzaji awajibie. Kila mmoja aandike wosia. Na mkubaliane kwa maandishi, mkija kuachana, nani atabaki na nani atafidiwa vipi. Dereva akiona aibu kuyazungumza, mwambie ni shemeji yake ndiye aliyeng'ang'ania. Nilaumiwe mimi.

Watu hapa wanadhani nalilia nyumba. Mama naye huniambia nitapata nyingine, na huenda nikapata kweli. Ila tangu azikwe, kila siku ilikuwa wakili, hakimu, Redio, mashahidi. Fundi wangu sijamlilia, mdogo wangu. Ndiyo kwanza naanza.

Nisalimie dereva, na yule mtoto wenu Kifungo mwambie shangazi mkubwa anamtaka aje amtoboe masikio kwa kelele zake. Mama anakusalimu, na Mjomba pia. Mungu awajalie paa lisilovuja, na uzee wa watu wawili chini yake.

Ni mimi, nikupendaye siku zote,

Dada yako mkubwa