Majibu ya Maria Komba

Jumatatu, 3 Juni
Baridi tena. Nimefika maabara ya hospitali yetu, nimewasha kompyuta, nimeingia kwenye seva ya maabara kuu ya Dar kushusha majibu ya vipimo. Bonyeza, subiri, hifadhi. Faili moja moja, mpaka chai ikapoa. Mtandao ukikatika naanza upya. Nimechoka na kazi hii.

Jumanne, 4 Juni
Nimeandika skripti. Kila asubuhi itaingia yenyewe kwenye seva na kushusha mafaili mapya. Dar huyapa mafaili majina ya wagonjwa, basi nimeiagiza: ikikuta jina ambalo tayari tunalo, iruke, isishushe kitu mara mbili. Imekubali! Nimekunywa chai ya moto. Nimejiona fundi.

Jumatatu, 10 Juni
Mzee Komba wa Ruhuwiko kaja kuulizia majibu ya mkewe, Maria. Uvimbe kwenye titi, kinyama kilichokatwa kilipelekwa Dar kupimwa. Daktari bingwa wa upasuaji yuko kwetu hadi Ijumaa tu, na bila majibu hampasui. Nimetazama folda. Hakuna kitu. Nimemwambia Dar hawajatuma.

Jumatano, 12 Juni
Mzee tena. Dar hawajatuma. Kakaa kwenye benchi hadi saa sita, kofia magotini. Kanikera. Kisha nikajichukia.

Alhamisi, 13 Juni
Hawajatuma. Sikuinua hata kichwa.

Jumamosi, 15 Juni
Bingwa kaondoka jana. Leo nimepiga simu Dar kuwagombeza. Wanasema walituma tangu Ijumaa ya wiki iliyopita.

Nimeingia kwenye seva kwa mkono. Faili lipo. Maria Komba. Na kwenye folda yetu yumo Maria Komba mwingine, wa Machi, kipimo cha ini. Skripti ilikuta jina, ikaruka, kama nilivyoiagiza. Songea hii, ukirusha jiwe sokoni linampata Komba. Mimi mwenyewe Komba! Mashine ingejuaje? Wa kujua nilikuwa mimi.

Ni saratani. Nimelia chooni.

Jumatatu, 17 Juni
Nimemweleza mzee yote. Kasikiliza hadi mwisho. Kisha: "Binti yangu, si ungesema tu hujui? Ningemwomba yule daktari awapigie Dar mwenyewe."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana. Kesho wanapanda basi kwenda Dar, na Maria mkono wa upande wenye uvimbe hauinuki tena.

Jumatano, 19 Juni
Skripti sasa inafuata namba ya mgonjwa, si jina. Inashusha vizuri.

Asubuhi kaja mama mmoja kuulizia majibu ya mwanawe. Folda nilikuwa nimeshaitazama, hayamo. Nimemwambia sijui, akae kidogo. Nikaingia kwenye seva kwa mkono. Mtandao mzito leo. Tumesubiri wote wawili.