Mchele wa Mwaka Jana

Wifi yangu, Mama Rehema,

Sikuulizi hali. Hali yako sasa anaijua Mungu, mimi kazi yangu ni kukuombea tu, na naifanya. Leo nimekaa nikupe habari za Idd, maana ungekuwepo ungeshanivuta pembeni zamani: "Haya wifi, lete umbea."

Umbea ni huu: nimepika mkate wa kumimina. Mimi. Usicheke.

Nianze na kaka yangu, mumeo. Tangu tulipomaliza arobaini yako, Baba Rehema amekuwa mtu wa dukani na chumbani. Anauza vipuri vyake, akirudi anasalimia, anajifungia. Ukimwekea chakula anamega tonge mbili, ameshiba. Stoo yako aliitia kufuli. Siku moja nilitaka sufuria kubwa tu, akanijia juu: "Acha vitu vya Mama Rehema!" Nikanyamaza, mimi ambaye unanijua sinyamazi. Idd ya kuchinja ilipokaribia akatutangazia kwamba mwaka huu asije mtu, kila mmoja ale kwake.

Iliniuma sana. Sisi ukoo wetu tunakutania hapo kwako Kalangalala. Ndugu wa Bugarama wanakuja hapo, Mama anatoka Kolandoto anakuja hapo, watoto wetu wamejuana hapo. Nikaona kabisa, tukiacha mara moja tu, mwakani kila mtu atakuwa ameshazoea kwake na kaka atabaki na kufuli lake. Na Rehema je? Ameshampoteza mama, apoteze na ukoo? Nikamwambia kaka, "Watu watakuja, na mkate napika mimi." Hakujibu. Kwa mtu yule kutojibu si kukubali, ila si kukataa pia, nami nikapita hapohapo.

Kabla hujatuletea mambo ya kwenu Pangani, asubuhi ya Idd sisi tulijua maandazi na michembe, viazi vyetu vya kukausha. Wewe ndiye uliyetuzoesha mkate unaopikwa siku moja kabla, unafunikwa kanga, watu wakitoka kuswali ni kukata na kumimina chai. Basi nikafuata hivyohivyo. Mama alikuja na mchele wa majaruba yetu, umevunwa juzijuzi, unanukia mpaka barabarani. Wasukuma unatujua, kitu cha heshima ni mchele mpya. Tukasema huu ndio unaomfaa Mama Rehema. Nikauloweka, nikausaga na tui la nazi, nikatia hamira, iliki, sukari, ute wa yai. Rojo likaumuka kidogo, nikajidanganya linatosha. Nikamimina kwenye sufuria ya moto, nikafunika, nikapalia makaa juu kama ulivyokuwa ukifanya.

Wifi! Kilitoka kitu gani kile? Juu kimebabuka, ndani ugali. Kisu kinaingia hakitoki. Mama akaonja, akasema, "Ladha ipo," kwa ile sauti ya kumsifia mtoto aliyechora ng'ombe wa miguu mitano. Hapo hasira zikanipanda. Nikautukana mkate, nikalitukana jiko, na wewe nikakusema, Mungu anisamehe. Kwa nini uende hujanifundisha? Miaka yote nimekaa jikoni kwako napiga soga na kula makombo, si ungenishika sikio ukaniambia nitazame! Halafu nikakaa kwenye kigoda chako nikalia. Siku ya msiba sikulia vile, nilikuwa nahangaika na wageni.

Kaka akatoka chumbani. Nikajua nafukuzwa. Akainama, akaumega ule mkate, akatafuna. Nikaona midomo inamcheza. Anacheka, wifi! Kidogo, lakini anacheka. Akasema, "Huu mchele mpya. Mwaka tuliooana nami nilimletea huuhuu, kwa sifa zangu. Ukamtokea hivihivi. Akaniambia mchele mpya unanata, kuleni na mboga, wa mkate lazima ulale kwanza." Tangu hapo, akasema, kila mavuno ulikuwa unaweka kando wa Idd inayofuata. Na mimi siku zote nilidhani ile ndoo nyeupe stoo ni akiba ya njaa.

Akaenda stoo. Tukasikia kufuli linafunguka. Mimi na Mama tunatazamana, Rehema amesimama mlangoni. Kaka akatoka ameikumbatia ndoo. Mchele uliouweka mwaka jana, kwa mikono yako, kwa ajili ya Idd hii hii. Mama akamwambia, "Ng'wanawane, mwanangu, si lazima, uache." Akajibu, "Aliuweka uliwe." Akampa Rehema ndoo.

Rehema akauchambua peke yake. Nilitaka kumsaidia, Mama akanivuta gauni. Tukauloweka kwa maji ya vuguvugu ili tusichelewe, na jioni rojo likajaa mapovu mpaka likataka kumwagika. Makaa alipalia kaka mwenyewe. Anapunguza, anaongeza, anainua mfuniko anachungulia, anarudisha. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa anakutazama.

Asubuhi walikuja wote, maana lile tangazo lake sikumfikishia mtu. Baada ya swala kaka akachukua kisu, akakata, mkate umejaa vitundu kama ulivyokuwa ukiutoa wewe. Akasema, "Huu ni wa Mama Rehema. Hatatupikia mwingine. Kuleni." Akalia mbele za watu, mtu mzima na kanzu yake, na hakuna aliyemwambia nyamaza. Rehema akaenda akakaa ubavuni kwake. Kisha kaka akala, wifi. Kipande kizima, akaomba kingine. Nilitoka nje nikajifanya naangalia chai.

Nilikumiss sana siku ile. Nakumiss na leo ninapoandika, na sijui nitaacha lini.

Wiki iliyopita kaka alimrudisha Mama Kolandoto. Akarudi na mchele mpya kwenye gari, akaumimina kwenye ndoo yako, akafunika. Nikamuuliza wa nini. "Wa Idd ya mwakani," akasema, kama anavyosema bei ya plagi. Halafu akaniuliza tutakuwa wangapi, asije akaweka kidogo. Nikamwambia aweke na ndoo nyingine.

Wabeja, wifi, ahsante kwa yote uliyotulisha. Mungu akulaze pema. Nakuahidi Rehema hatakuwa mpweke nami nipo, na mwakani atapika yeye, mimi nitashika makaa.

Wifi yako asiyenyamaza,
Mama Kulwa