Nilivyohesabiwa Mara Tatu Mpendae

Mama yangu kipenzi, shikamoo. Nimefika salama kwa kaka Haji huku Mpendae. Mwaka juzi palikuwa na minazi na mihogo tu; sasa ukirusha jiwe linaangukia bati la mtu. Kila siku wanahamia watu kutoka Jang'ombe, lakini bomba la maji hawana. Wameambiwa litaletwa wakionekana ni wengi.

Basi leo kapita karani wa kuhesabu watu, na mtaa mzima ukaazimana jamaa. Kwa kaka nimeandikwa dada. Nikapita uani, nikaandikwa binti wa Bi Tatu, jirani yake. Nyumba ya tatu nikawa mke wa Mzee Makame, mwenye meno mawili.

Karani akanitazama sana. "Bibi, wewe si nshakuandika?"

"Hao ndugu zangu," nikamwambia. "Kwetu sote twafanana."

Akilisema hilo kwa wakubwa wake, mtaa mzima umeumbuka na bomba limekwenda. Akafunga daftari, akaomba maji ya kunywa. Mzee Makame akampa ya kisimani. Karani akapiga funda moja, akakunja uso kwa ile chumvi, kisha akalifungua daftari tena.

"Haya," akasema, "na yule ndugu yako mwingine yuko wapi?"

Wasalimie wote hapo Tumbatu, na samaki mzuri ule mwenyewe, usimpe paka. Mungu akuweke.

Ni mimi mwanao, mmoja tu wallahi,
Mwanakombo