Roboti Wako wa Mkono Mmoja

Kaka yangu,

Huku sote wazima, na duka langu la vitu vya kuchezea limechangamka. Umeuliza kama watoto wa siku hizi bado wanawapenda maroboti wa ile katuni yetu. Wanawagombania! Wapya wana taa na wanaongea, hawamalizi wiki rafuni. Ila mpwa wako hana habari nao. Amejichukulia yule wako wa zamani, uliyemvunja mkono ukalia mpaka mama akamfunga kitambaa. Nilipotaka kumtia mkono mpya, binti yangu alinijia juu: "Mama, mwache! Mjomba atamtambuaje?"

Hajawahi kukuona, kaka. Kila akiingia mwanamume dukani, anamwinua roboti juu ya kaunta, anangoja.

Dada yako, ambaye naye hutazama mlangoni