Swali Nililorudi Nalo Shume

Shume, Jumapili

Mjomba Sefania,

Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika. Nilifika salama. Mvua imenyesha na kabichi za mama zimeshika vizuri. Anauliza mkutano wa walimu wa uhandisi kule Lushoto ulikwendaje. Nimemwambia chakula kilikuwa kingi.

Jioni ile ya kwanza, tulipokuwa tunaota moto na wageni, uliniwekea nyama kwa mkono wako ukawaambia, "Huyu ni binti wa dada yangu, mwalimu kama mimi." Nilijiona mtu. Kesho yake ukapanda jukwaani ukaeleza somo la wanafunzi kuunda pampu ya maji, ukasema umelibuni wewe. Hata picha zilikuwa zangu, Mjomba. Nilikutumia kazi ile ili unisahihishie.

Nikasimama kuuliza. Ukatabasamu, ukasema kwenye kipaza sauti, "Mwanangu, mbona leo hujaniamkia?" Ukumbi mzima ukacheka. Nikapiga goti mbele ya maprofesa, nikasema shikamoo. Ukaitikia marahaba, kipaza sauti kikapelekwa kwa mwingine. Ulijua nitapiga goti. Wewe ndiye uliyenifundisha, kabla sijaanza shule.

Mama anataka nimsomee barua hii kabla sijaifunga. Nitamsomea yote. Najua atanikatiza pale mwanzo tu, aniulize shikamoo ya mjomba wako iko wapi. Nitamwambia uliichukua Lushoto, mbele za watu, na ilikuwa ya mwisho.

Yudith