Asilimia Mia Niliyomsomea Bibi

Jumatatu, baada ya Isha.

Joto la leo limekataa kushuka hata baada ya jua kuzama. Nimerudi kutoka kwa Bibi, ng'ambo ya barabara tu hapa mtaani kwetu Hamriya, na mtandio umenigandia shingoni. Mama ameniuliza mbona macho yangu mekundu, nikamjibu ni vumbi. Uongo mdogo, lakini ni uongo, na nimeusema leo, siku ambayo nilikuwa nimejiapiza kuacha.

Kwa hiyo naandika. Mnaosoma ukurasa huu ni wachache, binamu zangu wa Unguja na wasichana wawili wa shuleni ambao kwao pia wanazungumza Kiswahili. Sijui kama mtaniona vilevile mkimaliza kusoma.

Jambo lenyewe linamhusu dada yangu Salma, ambaye yuko mwaka wa mwisho chuo kikuu, anasomea uhasibu. Chuo chao kina ukurasa kwenye mtandao ambao mwanafunzi akiufungua anaona shahada yake imefika wapi. Yapo masomo aliyofaulu, yapo yaliyobaki, na juu kabisa kuna mstari mrefu unaojaa rangi ya kijani kidogo kidogo, na asilimia imeandikwa pembeni. Salma aliufungua kwenye tableti ya nyumbani na mimi nimepewa ruhusa ya kuutazama.

Bibi anaupenda mstari ule kuliko Salma mwenyewe anavyoupenda. Zamani alikuwa akiuliza Salma yuko mwaka wa ngapi, na jibu lilikuwa likimchanganya, kwa sababu mwaka wa kwanza wote ulikwenda kwa Kiingereza na hesabu za matayarisho, ambazo haziingii katika shahada. Mwaka mzima wa kuamka alfajiri, na mstari uko sifuri. Bibi alidhani mjukuu wake amefeli na sisi tunamficha. Nilipomwonesha mstari akaelewa mara moja, akauita mtungi. Tangu hapo, kila Ijumaa tukishakula kwake, sinia likiondolewa na kahawa ikija, huniita.

"Njoo unisomee, mtungi wetu umefika wapi?"

Miwani anayo. Inakaa kwenye kasha lake juu ya kabati. Lakini nikiwapo haivai. Huwaambia wageni, "Mie miwani yangu huyu hapa," akanishika bega, nami hujiona mrefu kuliko nilivyo. Niko darasa la kumi na moja. Walimu wananisifu kwa Kiingereza, Mama amenifundisha kuandika Kiswahili kwa sentensi kamili, na nyumbani mimi ndiye msomaji wa kila kitu, kuanzia karatasi za dawa mpaka ujumbe wa benki. Nimeyazoea mno mambo hayo.

Ijumaa iliyopita Salma hakuwapo, alikuwa ufukweni Yiti na wenzake wa chuo. Shangazi Zuwena alikuwapo. Huyu ni dada yake Baba, na binti yake Nasra alimaliza chuo mwaka jana, sasa ana kazi yake na gari lake. Shangazi alipoona tableti alicheka.

"Hivi Salma anasomea uhasibu au anahesabu nyota? Nasra wangu kaingia nyuma yake, katoka mbele yake."

Watu wote wakacheka. Salma angekuwapo naye angecheka. Mimi sikucheka. Niliona moto unanipanda masikioni.

Nikafungua ukurasa. Mstari ulikuwa umejaa kutoka mwanzo hadi mwisho, na pembeni imeandikwa mia. Lakini rangi zilikuwa mbili. Kijani kilichokolea kilifika karibu na mwisho kikasimama, na kutoka hapo kiliendelea kijani hafifu. Chini yake kulikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza yaliyosema kwamba hesabu hii imeingiza masomo ambayo mwanafunzi anayasoma muhula huu, kwa sharti kwamba atayafaulu.

Hapa nataka kuandika bila kujificha. Niliyasoma maandishi yale mpaka nukta ya mwisho. Kisha nikainua uso, nikamtazama Shangazi, nikasema, "Asilimia mia."

Sikukosea kusoma. Nilichagua.

Kijani kilichokolea ni tisini na mbili. Katika zile nane zilizobaki limo somo la ukaguzi wa hesabu, ambalo Salma alilifeli muhula uliopita na sasa analirudia. Tunaolijua hilo ni yeye, Mama na mimi, na leo ameniruhusu niliandike hapa. Mtihani wake bado haujafika.

Nilitaka Shangazi anyamaze, kwa dakika moja tu. Badala yake alipiga kigelegele. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza, kabla hata Bibi hajaweka kikombe chini. Akanikumbatia mimi kana kwamba ndiye niliyesoma, akasema, "Alhamdulillah, mtoto wetu katoka," na macho yake yalikuwa na maji. Jioni alileta udi wa kumpa Salma, ule mzuri ambao huufungia kabatini. Nilimpiga mtu ambaye hakuwa na vita na sisi.

Salma alirudi magharibi na mchanga kwenye viatu, simu yake imejaa pongezi. Akasema, "Jamani, mitihani bado." Ami Khalfan, anayekaa na Bibi, akamsifu kuwa ana adabu, hataki kijicho. Kila alivyozidi kukana ndivyo walivyozidi kumsifu kwa unyenyekevu. Mama alinitazama, akadhani nimepitiwa. Nikamwacha adhani hivyo.

Chumbani Salma aliniuliza swali moja.

"Uliyasoma maandishi ya chini?"

"Niliyasoma."

Akachukua taulo lake, akaenda kuoga. Hajanigombeza mpaka leo. Anasoma mlango umefungwa, na nikipita nje nasikia akirudia maneno yaleyale kwa sauti ya chini. Kabla ya Ijumaa, angefeli angelia na Mama na mimi tu. Sasa akifeli atafeli mbele ya ukoo mzima, na mimi ndiye niliyewaita watazamaji.

Na hayo siyo mabaya kuliko yote.

Ijumaa ileile Bibi alitutangazia kwamba alikuwa na nadhiri. Aliiweka mwaka ule wa matayarisho, alipodhani Salma amefeli. Alisema mtungi ukijaa atafunga siku tatu za shukrani. Bibi ana ugonjwa wa sukari. Mama alimwomba angoje kipindi cha baridi, Ami Khalfan naye akaomba. Bibi akawajibu, "Mungu kangoja baridi kunipa?" Jana akaanza kufunga.

Jumamosi nilinyamaza. Jana nilinyamaza. Nilijiambia kwamba Salma atafaulu tu, na akifaulu ile mia itakuwa kweli, na neno langu litakuwa limewahi kidogo tu, si uongo. Ni ajabu jinsi akili iliyofundishwa vizuri inavyoweza kumtengenezea mwenyewe kisingizio kizuri.

Leo baada ya alasiri nilipita kumwangalia. Ami Khalfan alikuwa dukani. Bibi alikuwa ameegemea mto sebuleni, kwenye majlisi, midomo mikavu, na mkono ulimtetemeka aliponinyoshea. Akasema anaona kiwingu kidogo machoni. Nikaleta kipimo cha sukari. Akanipa kidole chake kama anavyonipa siku zote, akageuza uso asione sindano, nami nikatazama kioo kidogo cha kipimo.

"Ngapi?"

"Tatu nukta sita, Bibi."

Mama ametufundisha kwamba ikiwa chini ya nne, anakula papo hapo, hata kama ni Ramadhani. Bibi analijua hilo vizuri. Akatabasamu.

"Ah, wee sema nne. Magharibi si hiyo imeshakaribia?"

"Siwezi, Bibi."

"Nani atajua? Si mie na wewe tu humu."

Alikuwa anatania. Lakini niliona kwamba ningesema nne, angeamini ni nne. Pamoja na utani wake, angeamini, kwa kuwa ni mimi. Nikaanza kulia, nikakimbilia jikoni, nikaja na tende na gilasi ya maji ya machungwa. Akauliza ninalia nini. Nikamwambia anywe kwanza. Akasema bismillahi, akanywa, nami nikasimama mbele yake mpaka gilasi ikawa tupu.

"Bibi, ile mia ya Ijumaa si mia."

"Mashine imekosea?"

Alinifungulia mlango, masikini, bila kujua. Ningeweza kupita. Nikasema hapana, si mashine, ni mimi. Nikamweleza rangi mbili, masomo ya muhula huu, na yale maandishi ya chini. La Salma kufeli sikulisema, si langu.

"Yaani imehesabu chungu kingali mekoni," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Na wewe ulijua."

Nikasema nilijua. Nikasema pia sababu, kwamba ni maneno ya Shangazi. Bibi alitafuna tende yake polepole, akaweka kokwa pembeni ya kisahani.

"Zuwena humtania kila mtu. Mie mama yake mzazi ananitania. Ndo mapenzi yake hayo, hana mengine." Kisha akasema, si kwa hasira, kama mtu anayejaribu kuelewa hesabu, "Siku mbili hizi nnamwambia Mungu ahsante, ahsante, kwa kitu ambacho hajanipa."

Nikamsogezea tende nyingine.

Akasema nadhiri bado iko shingoni mwake, na Salma akimaliza kweli ataifunga, na safari hii atangoja baridi. Nikamwambia nitafunga pamoja naye. Akasema hilo ni langu na Mola wangu, yeye anataka lingine.

"Ijumaa utasema. Usimwachie dada yako, usimtume mama yako. Ukae palepale ulipokaa, Zuwena akiwapo."

Nikakubali kwa kichwa.

Nilikaa naye robo saa, kiyoyozi kikinguruma. Kisha akanipa kidole tena, tupime kama sukari imepanda. Nikapima.

"Soma."

"Tano nukta nne."

Nilidhani atasema alhamdulillah na kuegemea mto. Bibi akanyanyuka, taratibu, mkono mmoja ukutani. Akaenda mpaka kwenye kabati, akateremsha kasha, akatoa miwani, akaivaa. Akachukua kipimo mkononi mwangu, akakipeleka kwenye mwanga wa dirisha.

"Tano nukta nne," akasema.

Hakunitazama kwa ubaya. Alikitazama kile kipimo kama mtu anavyorudi jikoni kuhakikisha gesi imefungwa. Lakini miaka yote niliyomsomea, hajawahi kufanya hivyo, na miwani alibaki nayo usoni mpaka naaga.

Nimekwenda kwa Salma kabla ya kuja kuandika. Nilibisha hodi, nikamwambia yote, na kwamba Ijumaa nitasema mwenyewe. Kisha akanisukumia kitabu chake, akasema, "Basi kaa. Niulize maswali, na usinionee huruma nikikosea." Nimemuuliza. Alikosea mawili, nikamwambia amekosea mawili. Nadhani hilo ndilo jambo pekee zuri nililolifanya tangu Ijumaa.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, nitaomba chuo na mimi. Nitakuwa na mstari wangu, na mwaka mzima utakaa sifuri. Zamani nilikuwa nikiiogopa ile sifuri, watu watasemaje. Leo naiona kama kitu safi.

Nikimaliza hapa nakwenda kumwambia Mama kwamba halikuwa vumbi.

Na Ijumaa nitasoma tisini na mbili, halafu maandishi madogo yote, kwa Kiswahili, neno kwa neno, mbele ya Shangazi na kahawa yake. Najua Bibi atakuwa amevaa miwani. Ninachojiuliza ni kitu kimoja. Nitamsomea kweli Ijumaa ngapi ndipo siku moja airudishe mwenyewe kwenye kasha, aniite?