Kola ya Poli

Baba,

Tangu tukuzike, mambo mengi hapa nyumbani nayaelewa nusu nusu. Hili la mbwa wako limenivuruga zaidi.

Baada ya matanga, Poli aligoma kula. Akisogelea bakuli lake kando ya jiko anatetemeka, analia, anarudi nyuma. Nilimgombeza. Nikamvuta kwa nguvu. Mama Odile, jirani yetu wa kutoka Goma, akaniambia, "Muache, ma chérie. Ile imbwa iko naona Muzee."

Nikaamini kwamba anakuona wewe. Asubuhi tatu mfululizo nilikaa pale jikoni nikaongea nawe. Nilikuomba msamaha kwa ile siku uliyoniita hospitali nami nikasema nitakuja kesho.

Siku ya nne nikamvua Poli kola nimwogeshe. Shingoni alikuwa na vidonda viwili vidogo. Nikapita na ile kola karibu na jiko, ikalia mkononi, halafu ikanipiga shoti. Hapo ndipo nilipokumbuka ulivyonieleza ulipokinunua kile kisanduku: "Kinatoa mawimbi ya redio ya masafa ya chini pande zote, kola inayasikiliza. Poli akienda mbali, mawimbi yanafifia, kola inamwonya. Akizidi, inamchoma kidogo. Ndiyo ua wetu, ila hauonekani."

Kumbe kaka Deo, alipokuwa akipanga viti vya waombolezaji, alikihamishia stoo ya mabati. Mabati yakazuia mawimbi, duara likapungua, bakuli likabaki nje yake. Mbwa alikuwa anachomwa kwa kutaka kula, na mimi ndiye niliyekuwa namvuta.

Nilimwambia Mama Odile. Akasema, "Bon. Na wewe ulikuwa naongea na nani?"

Sijui, Baba. Ninachojua ni kwamba baada ya zile asubuhi tatu nilipata usingizi. Sasa nimekichomoa kisanduku, Poli anakula, na usingizi umepotea tena. Nifurahi au nilie? Mara nyingine naona kama nimekufukuza kwa mkono wangu mwenyewe.

Poli hatavaa tena ile kola. Nimenunua kamba, nitakuwa namtembeza mwenyewe hadi ziwani. Na lile la hospitali, kwa kuwa sina hakika kama ulilisikia, nitakuja kaburini Jumapili baada ya misa nilirudie lote, hata watu wakiwepo.

Pumzika, Baba.

Binti yako,
Chantal